Uchache wa Mkojo Katika Uzee

Yapo mambo katika mwili wa binadamu ambayo kila mtu huyafanya, wala hapana apendaye kuyataja. Haja ndogo ni moja katika mambo hayo. Mfalme huenda haja na maskini huenda haja. Mwanachuoni na asiyejua kusoma ni sawa mbele yake. Adabu imetufundisha kulifunika jambo hili kwa maneno ya staha, na staha ni vazi jema. Lakini vazi likiwa zito mno huficha hata jeraha. Nataka kumweleza msomaji kijana jinsi wanadamu walivyochukua karne nyingi kuielewa maana ya mkojo kupungua, na jinsi maarifa hayo yanavyomhusu mzee aishiye leo katika Gatwekera, kijiji kimoja cha Kibera, mjini Nairobi.

Tuanze na mahali penyewe. Jina Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika hapo mwaka 1899, palikuwa na vijito na vinamasi. Upande wa kusini-magharibi ulikuwa msitu, na katika msitu huo walikaa askari Wanubi, watu wenye asili ya Sudani waliotumika katika jeshi la Waingereza. Wao ndio waliopaita mahali pale Kibra, yaani msitu, na jina hilo likageuka kuwa Kibera. Kufikia mwaka 1918 ardhi yao, iliyozidi ekari 4,000, ilikuwa imetangazwa kuwa ya jeshi. Mwaka 1953 likajengwa Bwawa la Nairobi upande wa kusini, liwe akiba ya maji kwa mji. Basi katika mji ulioitwa maji baridi, mahali palipoitwa msitu, kando ya bwawa, nani angetazamia kwamba siku moja watu watapima maji kwa senti?

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu wengi walikuja mjini kutafuta kazi, wakapanga vyumba vya udongo na mabati katika Kibera. Ardhi ilihesabiwa kuwa ni mali ya serikali, na nyumba zilihesabiwa kuwa zimejengwa bila ruhusa; kwa hiyo mabomba ya maji safi na mifereji ya maji machafu havikutandazwa huko kama vilivyotandazwa katika mitaa mingine. Bwawa lilijaa matope, magugu na uchafu hata likawa halifai. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu karibu 170,000 katika vijiji vya Kibera, Gatwekera kikiwa kimoja chao, nao wengi walinunua maji kwa mtungi wa lita 20 na kulipia choo kila waingiapo. Mwenye kipato kidogo alikuwa na sababu mbili za kunywa kidogo: maji yalikuwa na bei yalipoingia mwilini, na yalikuwa na bei tena yalipotoka.

Sababu ya tatu ni giza. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Kibera, Mathare, Mukuru na Korogocho. Taarifa ilieleza jinsi wanawake wengi walivyoogopa kutoka usiku kwenda chooni kwa hofu ya kushambuliwa njiani. Ikiwa mwanamke kijana mwenye mbio aliogopa, bibi mwenye magoti mabovu na macho hafifu alifanyaje? Alifanya jambo lililo rahisi kuliko yote, ambalo halikuandikwa katika daftari la mtu yeyote: aliacha kunywa maji.

Nalijua jambo hili kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja isiyo mbali na reli ipitayo Kibera. Mwanafunzi mmoja, mvulana wa kidato cha pili aliyelelewa na bibi yake, alikuja siku moja akiwa amechelewa sana. Nilipomwuliza sababu, alinyamaza kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, nyanya hajaenda haja tangu jana asubuhi, na leo ananiita kwa jina la mama yangu.” Mama yake alikuwa amefariki zamani. Niliomba ruhusa, tukafuatana hadi kwao Gatwekera.

Tulimkuta bibi ameketi kitandani, midomo imekauka, macho yamezama. Alinitambua baada ya kitambo, akajitengeneza leso yake, akasema, “Karibu, mwalimu. Usihangaike bure. Huu ni uzee tu. Mzee hukauka kama mti.” Mjukuu wake alinieleza mengine taratibu. Bibi alikuwa akinywa kikombe kimoja cha chai asubuhi, na tangu saa kumi ya jioni hagusi kitu cha majimaji, ili asiamke usiku. Alikuwa na vidonge vya shinikizo la damu, alivyovimeza kwa uaminifu kila siku. Kwa ajili ya magoti alinunua vidonge vya maumivu dukani. Tena siku mbili zilizopita tumbo lilikuwa limemharisha.

Je, ulikuwa uzee tu? Swali hili lililoulizwa katika chumba kidogo cha Gatwekera limeulizwa kwa namna mbalimbali katika vyumba vingi vya dunia, na jibu lake halikupatikana kwa siku moja.

Matabibu wa kale waliuheshimu sana mkojo. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya pili baada ya Kristo, alizifunga kwa uzi njia zitokazo katika figo za mnyama, akaona kibofu chabaki kitupu na njia zile zavimba. Kwa hivyo akathibitisha kwamba mkojo hutengenezwa katika figo, kibofu kikawa ni ghala yake tu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake kiitwacho Qanun mlango mrefu juu ya mkojo: rangi yake, wepesi wake, harufu yake, mashapo yake na wingi wake. Kwa miaka mamia baada yake tabibu wa Mashariki na wa Ulaya aliweza kutambulikana kwa chupa ya kioo aliyoiinua juu kuelekea nuru. Wengine walipita kiasi, wakadai kuwa waweza kutabiri mambo yote ya mgonjwa kwa kutazama chupa bila kumwona mwenyewe, na watu wakawacheka. Hata hivyo, katika makosa yao palikuwa na ukweli mmoja: mkojo ni barua itokayo ndani ya mwili, na asiyeisoma hukosa habari.

Sayansi ya leo yatuambia kwamba kila mtu ana figo mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi. Kwa siku moja huchuja yapata lita 180 za majimaji kutoka katika damu, kisha hurudisha karibu yote, zikabakiza lita moja hadi mbili zenye taka za mwili. Hizo ndizo mkojo. Mkojo wa siku nzima ukipungua chini ya mililita 400, yaani vikombe viwili vidogo vya chai, matabibu husema kuna hatari, kwa maana kiasi hicho hakitoshi kuchukua taka zote zinazopaswa kutoka. Taka zikibaki, damu huchafuka, na akili huwa katika vitu vya kwanza kuonyesha dalili.

Mtu wa Gatwekera aweza kulielewa jambo hili bila kitabu. Mfereji wa maji ukikauka, huuliza maswali matatu: Je, tangi ni tupu? Je, kuna kilichoharibika njiani? Au mfereji wenyewe umeziba? Mwili nao una maswali hayo hayo. Mkojo hupungua kwa sababu maji hayafiki katika figo, au kwa sababu figo zenyewe zimeharibika, au kwa sababu njia ya kutokea imezibika. Kila swali katika haya matatu lina tarehe yake.

Swali la kwanza lilijibiwa na ugonjwa wa kipindupindu. Katika karne ya 19 ugonjwa huu ulizunguka dunia mara nyingi. Ulifika katika pwani yetu pia: wasafiri Burton na Speke waliukuta Kilwa mwaka 1859, na James Christie, tabibu Mskoti aliyekaa Zanzibar, aliushuhudia mwaka 1869 na 1870, akaandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka 1876. Mgonjwa wa kipindupindu huharisha na kutapika hata mwili ukasinyaa, na mkojo wake hukatika kabisa. Mwaka 1832 kijana mmoja tabibu, William Brooke O’Shaughnessy, alitangaza matokeo ya kuipima damu ya wagonjwa hao nchini Uingereza. Alikuta kwamba imepoteza maji na chumvi, na kwamba kwa wale waliokatikiwa na mkojo, taka za mkojo zilikuwa zimebaki katika damu. Mwaka huo huo Thomas Latta, tabibu wa Leith katika Skotilandi, aliyatumia maarifa hayo. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa bibi mzee aliyekwisha kukatiwa tamaa. Latta alimtia katika mshipa maji yenye chumvi, yapata lita tatu na zaidi kwa muda wa nusu saa. Uso wa bibi ulirudi rangi, akasema, akafanya hata mzaha, akaona kuwa anahitaji usingizi tu. Tabibu alimwacha akaenda kupumzika. Kuhara kukarudi, maji hayakuongezwa tena, na baada ya saa tano na nusu bibi yule akafa.

Msomaji na atulie kidogo hapo. Bibi wa Leith hakufa kwa sababu dawa haikufaa. Alifaidika nayo kwa macho ya watu. Alikufa kwa sababu maji yalimwagika kutoka mwilini kuliko yalivyoingia, na aliyekuwa akimpa alidhani kazi imekwisha. Matabibu wengi wa zama zile waliicha njia ya Latta, na ulimwengu ukakaa miaka mingi kabla ya kuirudia vizuri. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, tabibu Dilip Mahalanabis aliwapa wakimbizi wa kambi ya Bangaon, nchini India, maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari wanywe kwa kinywa, kwa kuwa chupa za kutia katika mshipa zilikuwa haba. Vifo vilishuka kutoka yapata watu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Mwaka huo huo kipindupindu cha zama mpya kiliingia Kenya. Siri ya mchanganyiko ule ni kwamba sukari huusaidia utumbo kuifyonza chumvi, na chumvi huyavuta maji. Leo pakiti yake yapatikana katika zahanati na duka la dawa kwa bei ndogo.

Swali la pili, la figo zenyewe kuharibika, lilianza kueleweka mwaka 1827, pale Richard Bright wa Hospitali ya Guy, London, alipoonyesha kwamba wagonjwa wenye kuvimba mwili, na wenye mkojo ugandao ukichemshwa, walikuwa na figo zilizoharibika. Bright aliweza kuutambua ugonjwa, hakuweza kuuondoa. Mwaka 1941 matabibu Bywaters na Beall waliandika habari za watu waliotolewa hai chini ya vifusi vya nyumba za London zilizopigwa mabomu. Watu hao walionekana kuwa wameokoka, kisha mkojo wao ukapungua, na baada ya siku chache wakafa. Misuli iliyopondwa ilikuwa imemwaga sumu katika damu, na figo zikashindwa. Watu wakafahamu kwamba figo zaweza kusimama ghafula kwa mtu aliyekuwa mzima. Na ikiwa zaweza kusimama ghafula, labda zaweza kuamka tena, mradi mgonjwa apewe muda.

Muda huo ndio alioutafuta Willem Kolff, tabibu kijana wa Kampen, Uholanzi, wakati nchi yake ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Kwa ngoma ya mbao iliyoviringishwa utando wa kutengenezea soseji, iliyozunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi, alitengeneza figo ya mashine, damu ya mgonjwa ikipita ndani ya utando na taka zikitoka. Aliianza kazi mwaka 1943. Takriban wagonjwa wake wote wa mwanzo walikufa. Mwaka 1945 aliletewa mwanamke wa miaka 67, Sofia Schafstadt, ambaye mkojo wake ulikuwa umekatika na fahamu zimepotea. Mwanamke huyo alikuwa amefungwa kwa kushirikiana na adui, na wengi mjini hawakuona hasara akifa. Kolff hakumwuliza mgonjwa siasa yake. Alimwunga na mashine kwa muda wa saa 11. Bibi akafumbua macho na kusema. Siku zilizofuata figo zake zikaanza kazi tena, naye akaishi miaka saba zaidi. Huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye maisha yake yaliokolewa waziwazi na figo ya mashine, naye alikuwa mzee. Wasemao kwamba mzee hana haja ya kuhangaikiwa na wakumbuke jambo hilo.

Swali la tatu, la mfereji kuziba, ndilo la kale kuliko yote. Katika magofu ya Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, yamepatikana mabomba membamba ya shaba nyeusi yaliyotumiwa kufungulia kibofu. Mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Marekani alimtengenezea ndugu yake mgonjwa mpira wa fedha wenye kupindika, kwa sababu ule mgumu ulimwumiza. Katika miaka ya 1930 tabibu Frederic Foley alileta mpira wenye puto dogo la kuuzuia usitoke, na mipira ya namna hiyo yatumika hata leo. Wanaume ndio wapatwao zaidi na taabu hii, kwa sababu tezi iliyoko chini ya kibofu hukua kadiri umri uendeleavyo na kuibana njia. Mzee wa namna hii hukojoa matone, husimama muda mrefu chooni, na mwisho hushindwa kabisa huku tumbo la chini likijaa na kuuma. Niliwahi kusikia habari za mzee mmoja ambaye watu wa nyumba yake walimpa maji mengi ili mkojo utoke. Nia ilikuwa njema, lakini walikuwa wakiongeza maji katika tangi ambalo mfereji wake umeziba. Alipofikishwa kwa tabibu na kutiwa mpira, alipata nafuu katika dakika chache.

Sasa turudi kwenye uzee, kwa sababu bibi wa Gatwekera alisema kuwa mzee hukauka kama mti. Maneno yake yalikuwa na nusu ya ukweli. Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza walitangaza majaribio waliyofanya kwa wazee saba wenye afya, wa miaka 67 hadi 75, na vijana saba. Wote walikaa saa 24 bila maji. Vijana waliona kiu kali, wakanywa hata wakarudisha walichopoteza. Wazee waliona kiu kidogo, wakanywa kidogo, ingawa damu yao ilikuwa imekauka zaidi. Basi uzee huizima kengele ya kiu wakati ambapo figo nazo zimepungukiwa na nguvu ya kuyahifadhi maji. Katika joto kali la mwaka 2003 nchini Ufaransa walikufa watu karibu 15,000, wengi wao wazee, na wengi walikuwa peke yao. Nchi ile haikukosa maji wala mabomba. Wazee wengi walikosa mtu wa kuwatazama na kuwaambia, kunywa.

Kwa hiyo mti ule haukuwa umekauka kwa umri peke yake. Bibi yetu alikuwa na kiu isiyosema, kikombe kimoja kwa siku, na tumbo lililomwaga kile kidogo kilichobaki. Juu ya hayo, vidonge vya maumivu vya aina ya diklofenaki na ibuprofeni huweza kuzinyima figo damu kwa mtu aliyepungukiwa na maji, na baadhi ya vidonge vya shinikizo huzidisha taabu hiyo wakati wa kuhara. Dawa zilizokuwa rafiki zake siku za afya ziligeuka kuwa mzigo siku ya ugonjwa, wala hapakuwa na aliyemweleza.

Tulimchukua hadi kituo cha afya, mimi nikimshika mkono mmoja na mjukuu wake mwingine, njia nyembamba ikitulazimu kwenda upande upande. Alitiwa maji katika mshipa, damu yake ikapimwa, dawa za maumivu zikasimamishwa. Hatukusema mengi. Usiku ulipoingia, muuguzi alitoka mlangoni akasema, “Nyanya yenu amekojoa.” Yule mvulana, ambaye asubuhi alishindwa kulitaja neno hilo bila kuona haya, aliruka kwa furaha kama aliyeambiwa kuwa amefaulu mtihani. Asubuhi iliyofuata bibi alimwita mjukuu wake kwa jina lake mwenyewe.

Basi ni lini mtu aone wasiwasi, na ni lini atulie? Ikiwa siku ni ya joto, mzee amekunywa kidogo, mkojo wake ni haba na wa rangi ya chai nyepesi, lakini akili yake ni timamu na hana maumivu, apewe maji kidogo kidogo, mara kwa mara, naye atazamwe hadi jioni. Aghalabu mkojo hurudi na rangi hupauka. Asiyejua kupima na atumie chupa tupu ya nusu lita: ikiwa mkojo wa mchana na usiku wake hauijazi, apelekwe kwa tabibu hata kama anasema hana neno.

Lakini ziko dalili zisizongojea kesho. Ya kwanza ni mzee kutokojoa kabisa kwa muda wa nusu siku ingawa anakunywa. Ya pili ni kutaka kukojoa na kushindwa, tumbo la chini likiwa limejaa na kuuma. Ya tatu ni akili kupotea, kusinzia kusiko kwa kawaida, au kuwaita watu kwa majina yasiyo yao. Ya nne ni miguu au uso kuvimba, au pumzi kuwa fupi. Ya tano ni mkojo kupungua pamoja na homa, kutapika au kuhara kusikokoma. Ya sita ni mkojo wenye damu, au mweusi kama kahawa. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo na aharakishwe zaidi kuliko wengine. Tena mwenye moyo au figo dhaifu asinyweshwe maji mengi kwa kukisia, kwa kuwa kwake maji yakizidi huweza kumzamisha. Tabibu ndiye wa kumpimia kiasi. Wala dawa za shinikizo zisiachwe kwa shauri la jirani; ziulizwe kwa aliyezitoa, naye aelezwe kuwa mgonjwa anaharisha.

Msaada wenyewe si wa mbali kama ulivyokuwa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanzishwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 na kupewa jina lake la sasa baada ya Uhuru, iko jirani na Kibera. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilihudumu Kibera kwa miaka karibu 20, likatibu pia kisukari na shinikizo la damu, ambazo ni adui wakubwa wa figo, hata lilipokabidhi kazi yake kwa serikali ya kaunti mwaka 2017. Tangu mwaka 2015 mashine za kusafisha damu zimepelekwa katika hospitali nyingi za kaunti za Kenya, mashine ambazo ni wajukuu wa ile ngoma ya mbao ya Kampen. Na katika Kibera yenyewe watu wamejitahidi: shirika la Shining Hope for Communities, lililoanzishwa na Kennedy Odede mwaka 2004, limepitisha mabomba ya maji juu ya nguzo ili yasichafuliwe ardhini, na Umande Trust limejenga vyoo vya jamii ambavyo uchafu wake hugeuzwa kuwa gesi ya kupikia.

Pamoja na hayo yote, mashine haiwezi kuingia katika chumba cha mzee na kumwuliza kama amekunywa maji leo. Kazi hiyo ni yenu, vijana. Wekeni ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda chake, ili asiogope giza, na asubuhi aliye kijana aichukue kuimwaga bila kukunja uso. Mzee akiona uso umekunjwa, kesho atakunywa nusu kikombe, na keshokutwa hatakunywa kitu. Wengi hukauka kwa haya kuliko kwa umri.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Zamani niliidhani methali hiyo kuwa ni lawama kwa mgonjwa. Leo naiona kuwa ni lawama kwetu sisi tulio karibu naye pia, kwa maana mtu hufichia watu ambao amewaona hawataki kujua. Bibi wa Leith aliachwa saa tano na nusu bila mtu wa kumwongezea maji. Bibi wa Kampen alipata tabibu aliyekaa naye saa 11. Bibi wa Gatwekera alikuwa na mvulana wa kidato cha pili ambaye hakujua neno moja la utabibu, lakini alijua kuhesabu kuanzia jana asubuhi hadi leo, na alithubutu kusema.